Baiskeli Usiku: Onekana Ufike

Leo nazungumza nawe unayetoka kazini Industrial Area usiku, ukiendesha baiskeli Jogoo Road kurudi Umoja au Kayole.

Wengi ninaowafunga vidonda huniambia, "Sista, dereva hakuniona." Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 20 tu mbele yake, atakufikia kabla hajakanyaga breki vizuri.

Kwa hiyo taa si ya kukuonyesha njia tu. Ni ya kukuonyesha wewe. Weka nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Dinamo haihitaji betri, lakini ukisimama huzimika. Basi ongeza taa ndogo ya betri nyuma.

Pesa ni kidogo? Funga tochi ya nyumbani kwa mpira kwenye usukani, uiinamishe kidogo isimpofushe anayekuja. Pesa uliyo nayo nunua taa ya nyuma, kwani gari litokalo nyuma hulioni. Vaa pia jaketi ya riflekta.

Jioni, kabla ya kupanda, washa taa zote mbili uzikague. Nyumbani wanakungoja. Kwaherini.