Kompyuta ndogo ya mezani: Nafuu ya dola 400 yayeyuka kabla ya kufika dukani

MFANYABIASHARA anayetafuta kompyuta mpya anakutana na swali ambalo zamani lilijijibu lenyewe. Laptopu ilikuwa ghali na dhaifu. Ya mezani ilikuwa nafuu na yenye nguvu, ila iliziba nusu ya meza. Sasa zipo kompyuta za mezani zinazokaa kwenye kiganja, na chipu yake ni ile ile ya laptopu. Kinachobaki kulinganishwa ni bei na umeme.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Apple ya Marekani. Si kwamba bidhaa zake ndizo zinazotoka kwa wingi Kariakoo, la hasha, bali ilitoa mashine mbili zenye chipu moja, M4, zikipishana miezi minne tu. Mac mini iliingia sokoni Novemba 2024 kwa dola 599. MacBook Air ya inchi 13 ikafuata Machi 2025 kwa dola 999. Zote mbili, kwa bei hizo za kuanzia, zilikuwa na RAM ya gigabaiti 16 na hifadhi ya gigabaiti 256. Bei hizo ni za huko Marekani kabla ya kodi. Anayeagiza huongeza usafiri na kinachodaiwa bandarini.

Kwa haraka haraka, mnunuzi wa Mac mini anaokoa dola 400. Lakini boksi lake halina skrini, halina kibodi wala mausi. Tuseme skrini ya kawaida ni dola 130, kibodi na mausi dola 20. Kisha kuna UPS, ambayo mfanyabiashara wa hapa nchini hawezi kuikwepa; waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuelezwa. Tukiiweka kwa dola 60, jumla inafika dola 809. Nafuu imeshuka hadi dola 190.

Laptopu, kwa upande wake, inabeba UPS yake tumboni. Betri ya Air ina uwezo wa saa-wati 53.8, na Apple inadai inaonyesha video hadi saa 18. Hata ikitoa nusu ya hapo, duka linafungwa jioni hesabu zikiwa zimekamilika.

Hata hivyo, mwenye skrini ya zamani inayofanya kazi hesabu yake ni nyingine kabisa. Huyo anahitaji kisanduku na UPS tu, na nafuu yake inabaki zaidi ya dola 300. Aidha, Mac mini ina feni, Air haina. Kwa ankara na stoo tofauti haionekani; kwa studio inayohariri video za harusi kutwa nzima, Air huanza kupunguza kasi ili isipate joto. Mac mini pia ina tundu la waya wa mtandao na la HDMI, vitu ambavyo mwenye Air hulazimika kununua adapta.

Wengi hudhani ya mezani haiibiwi kirahisi. Mac mini ina uzito wa gramu 670 hivi, Air kilo 1.24. Kibaka ataona ipi nyepesi.

Kuna kikwazo kimoja kwa zote mbili: programu. TallyPrime, ambayo maduka mengi ya jumla huitumia kwa hesabu, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Anayeitegemea asianze na Apple.

Kwa upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta kwenye daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Laptopu ya dola 999 inabaki vitabuni na takriban dola 390 baada ya miaka miwili. Anayelipa kodi kwa makadirio, nafuu hiyo haimhusu.

Wanunuzi wengi, kusema kweli, hawataishia kwenye mashine mpya. Wataishia kwenye kompyuta ndogo za mitumba: HP EliteDesk 800 mini na Lenovo ThinkCentre za aina ya Tiny, zilizostaafu maofisini Ulaya na Marekani. Ni mashine nzuri, na RAM yake inaongezeka kwa bisibisi, jambo lisilowezekana kwa Apple hizo mbili. Hatari iko kwenye umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali chipu za Intel za kizazi cha sita na cha saba. Toleo la G3 la EliteDesk na M710q ya Lenovo ziko upande huo. G4 na M720q zimevuka.

Muuzaji anaweza kuziweka zote rafu moja kwa bei zinazokaribiana. Mnunuzi awashe mashine, afungue ukurasa wa maelezo ya mfumo na asome namba inayofuata maandishi i5: ikianza na 6 au 7, kama 6500T, aombe punguzo kubwa au aiache, ikiwa 8500T, aendelee kuzungumza bei.