Ordinateri ya watu wote ifungwe kama sanduku la umeme

Ndugu mutumishi, wewe unajua sheria ya kadena: mbele ya kutengeneza mashini unakata umeme, unafunga kadena, na ufunguo unabaki katika mufuko wako. Ni juu mutu anayepita asirudishe umeme wakati mukono wako uko ndani.

Ordinateri ya watu wote, katika chumba cha kungojea ao katika ofisi, inaomba uangalifu ule ule. Wanapita hapo mutoto mwenye kucheza na mutu mwenye nia mbaya. Mugonjwa wa kifua kikuu akiogopa kwamba siri yake itasomwa, anachelewa kuja kwetu, na jamaa yake wanaambukizwa.

Ubaya unaingia namna gani?

Mara nyingi kwa kifaa kidogo cha USB. Programu mbaya Conficker, iliyotokea mwaka 2008, ilienea kwa njia hiyo pia. Mwaka 2010 ikavumbuliwa Stuxnet, iliyoharibu mashini za urani katika Irani. Nayo iliweza kupita kwa USB pasipo intaneti. Kifaa cha mutu usiyemujua ni kama sindano iliyokwisha kutumiwa kwa mugonjwa mwingine.

Mwenye kuchunga ordinateri afanye hivi:

1. Afunge mashini kwa kadena ndani ya kabati lenye matundu ya hewa. Inje vibaki skrini na klavie tu.

2. Aikataze mashini kuwaka kwa USB, na afunge mupango huo kwa neno la siri.

3. Watu watumie jina lisilo na ruhusa ya kugeuza kitu, na programu moja tu ifunguke.

4. Mutu akiondoka, mashini ifute yenyewe alama zake.

5. Kila asubuhi aangalie waya wa klavie. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya klavie na mashini, kinachoandika kila herufi, hata neno lako la siri.

Na wewe, baba ao mama wa nyumba?

Usichomeke telefone yako hapo ili ipate moto. Funga jina lako mbele ya kusimama. Ukiona kifaa usichokijua, usikiguse: ita mwenye kuchunga.

Mashini ikiharibika, tunaitengeneza. Siri ya mugonjwa ikitoka inje, hakuna kadena la kuirudisha.