Maskani na Masafa katika Miji ya Marekani

Wasomaji wengi wa wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa, wanapotajiwa miji ya Marekani, huona mbele ya macho yao majumba marefu yaliyosongamana, kwa kuwa ndiyo yaonyeshwayo katika picha na sinema. Na picha hizo hazisemi uongo, ila zimepigwa katika sehemu ndogo mno ya nchi ile. Maskani ya Mmarekani wa kawaida ni nyumba ya jamaa moja, aghalabu ya mbao, yenye ghorofa moja au mbili, iliyozungukwa na uwanja wa majani yanayokatwa kila juma, na ubavuni mwake pana banda la motokaa. Ya jirani ni vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo, hata msafiri aweza kupita mtaa baada ya mtaa asione duka, wala genge, wala kijiwe cha fundi viatu, wala mtu atembeaye kwa miguu.

Mtu wa Kihanga, huku kwetu Karagwe, atajibu kwamba hata sisi tumetawanyika, kila mtu katika kibanja chake cha migomba na kahawa, na nyumba zetu ziko mbalimbali kuliko hizo za Wamarekani. Ni kweli. Lakini kutoka kibanjani kuna njia ya miguu ifikayo dukani, shuleni, na kanisani au msikitini, na akitaka kufika Kayanga au Omurushaka atasimama kando ya barabara apungie bodaboda au Hiace. Mwenye nyumba akitaka kufungua kijiduka barazani, au kumjengea mwanawe chumba uani, ni shauri lake na la jamaa zake. Katika viunga vya miji ya Marekani mambo hayo mawili, duka barazani na nyumba ya pili uani, kwa muda mrefu yalikatazwa na sheria, na anayedhani kwamba watu wale walitawanyika kwa utajiri wao tu, au kwa kupenda upweke, hajaifikia asili ya mambo.

Mji wa New York ulitangulia mwaka 1916 kuweka kanuni za kuugawa mji mzima sehemu sehemu, hapa pa makazi, pale pa biashara, kule pa viwanda. Na mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ikahukumu kwamba serikali za miji zina haki ya kufanya hivyo. Jaji aliyeiandika hukumu ile alilifananisha jumba la wapangaji na kimelea, kinachokuja kufyonza hewa na uzuri wa mtaa ambao wengine wameutengeneza. Tangu hapo kanuni zilienea nchi nzima, hata ikawa katika miji mingi takriban robo tatu ya ardhi ya makazi imetengwa kwa nyumba za jamaa moja moja, na anayetaka kujenga jumba la jamaa nne au kumi katika ardhi hiyo ni mvunja sheria. Fauka ya hayo, kanuni zilimtaka kila ajengaye duka au ofisi kutenga nafasi kadhaa za kuegesha motokaa, hata mara nyingi kiwanja cha maegesho kikawa kikubwa kuliko duka lenyewe, na anayekuja kwa miguu hana budi kukivuka juani au thelujini.

Wala haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya motokaa kuenea, miji ya Marekani ilijengwa kufuata reli za tramu, na watu walikaa mahali ambapo mtu angeweza kutembea hadi kituoni. Huko Los Angeles, ambayo leo yatajwa kuwa mfano wa mji usiokalika bila gari, kampuni ya Pacific Electric, iliyoanzishwa na Henry Huntington mwaka 1901, ilieneza zaidi ya maili 1,000 za reli. Na katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, kaskazini penye baridi kali, kufikia mwaka 1920 tramu zilichukua abiria zaidi ya milioni 200 kwa mwaka. Tramu za mwisho za miji hiyo pacha ziliondolewa mwaka 1954, na njia ya mwisho ya Pacific Electric ikafungwa mwaka 1961.

Wako wasemao kwamba tramu ziliuawa kwa hila, nao wana ushahidi wa namna fulani, kwani mwaka 1949 kampuni za motokaa, mafuta na matairi zilipatikana na hatia mahakamani ya kula njama ili ziwauzie zenyewe tu mabasi na vifaa wenye kampuni za usafiri zilizokuwa zikifadhiliwa nazo. Walakini mimi naona njama ile ilimkuta mgonjwa kitandani. Nauli za tramu zilikuwa zimefungwa na mikataba ya zamani ilhali gharama zikipanda, na motokaa za bei nafuu, tangu ile ya Ford ya mwaka 1908, zilijaa barabarani zikazuia reli, hata tramu ikawa haiwezi kufika kwa wakati.

Kilichomaliza kazi ni fedha za serikali. Tangu mwaka 1934 serikali ya shirikisho ilidhamini mikopo ya nyumba, na baada ya Vita Kuu ya pili ikawafungulia mlango askari waliorudi nyumbani. Kwa hiyo mjenzi wa Levittown, karibu na New York, alianza mwaka 1947 kusimamisha nyumba zifananazo, akazijenga zaidi ya 17,000 katika miaka michache, na mtu mwenye mshahara mdogo akaweza kununua nyumba kwa rehani ya muda mrefu. Lakini mikataba ya mtaa ule ilikataza mtu asiye mzungu kukaa humo, na wakadiriaji wa mikopo walikuwa wakiitia alama nyekundu katika ramani mitaa ya watu weusi, kwamba haifai kukopeshwa. Kisha mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, ikapitishwa sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, asilimia 90 ya gharama zikilipwa na serikali ya shirikisho, na barabara hizo hazikuishia nje ya miji: zilipasua katikati yake, na aghalabu zikapitishwa katika mitaa ya maskini na ya watu weusi. Huko St. Paul, mtaa wa Rondo, uliokuwa moyo wa jamii ya watu weusi wa mji ule, ulikatwa na barabara kuu, na mamia ya jamaa wakapoteza nyumba zao. Mwaka 2015 meya wa mji aliomba radhi hadharani. Barabara ingali pale pale.

Msomaji aliyezoea Hiace zetu atauliza kwa nini basi watu wasioweza kununua motokaa wasipande mabasi. Mabasi yapo, na ni mazuri, yana hewa ya ubaridi na ubao wa mteremko wa kupitishia viti vya magurudumu vya walemavu; lakini Hiace ya kwetu hungoja ijae ndipo iondoke, na njiani humchukua yeyote anyoshaye mkono, ilhali basi la Marekani huenda kwa saa zilizoandikwa, likiwa na abiria au likiwa tupu, na gharama zake nyingi hulipwa kwa kodi. Pale ambapo nyumba ni chache kwa kila kituo, wapandao ni wachache. Wakiwa wachache, baraza la mji hupunguza safari, basi likaja baada ya saa nzima. Na likija baada ya saa nzima, kila mwenye uwezo hununua gari, wakabaki wazee, vijana, wagonjwa na maskini. Wala kupanua barabara si dawa: katika mji wa Houston, wenye watu milioni 2.3 waliotandazwa katika kilomita za mraba zaidi ya 1,600, barabara kuu ya magharibi ilipanuliwa ikafika njia 26 mahali pengine, pamoja na zile za kando, na baada ya miaka michache msongamano wa asubuhi na jioni ukarudi palepale.

Kwa hesabu ya nchi nzima, kabla ya maradhi ya korona, ni takriban watu 5 katika 100 waliokwenda kazini kwa usafiri wa umma, na sehemu kubwa yao walikuwa New York, ambako zaidi ya nusu ya jamaa hazina motokaa kabisa, kwa kuwa watu wamekaa karibu karibu, na treni za chini ya ardhi, zilizoanza mwaka 1904, hukimbia usiku na mchana. Kwingineko kwingi mtu asiye na gari hupata kazi ya kuaminika kwa shida. Chama cha wenye motokaa cha nchi hiyo hukadiria kwamba gari jipya humgharimu mwenyewe zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, ukihesabu bima, mafuta na kushuka kwa thamani. Na barabara zile ziliua watu zaidi ya 40,000 katika kila mwaka wa 2021, 2022 na 2023. Nasema kwa uchungu kwamba taifa lenye elimu na mali kiasi kile halikupaswa kuyakubali mauti hayo kana kwamba ni mvua.

Watu wa Afrika ya Mashariki wanaohamia huko huyaonja haya mara moja. Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, waliochukuliwa kutoka kambi za Tanzania, walipelekwa katika miji mingi ambayo leseni ya udereva ni haja ya kwanza baada ya chakula na kodi ya nyumba. Tofauti njema ipo Minneapolis, katika mtaa wa Cedar-Riverside. Pana majumba marefu yaliyokamilika mwaka 1973, yenye nyumba 1,303, na refu kupita yote lina ghorofa 39. Humo wanakaa Wasomali na Waoromo kwa maelfu, na baadhi yao waliopitia Kenya husema Kiswahili safi. Chini ya majumba hayo pana maduka, misikiti na mikahawa, na kando yake hupita treni za umeme za njia mbili, moja iliyofunguliwa mwaka 2004 iendayo uwanja wa ndege, na ya pili ya mwaka 2014 iendayo St. Paul. Bibi mzee aweza kununua unga, kuswali, na kumzuru daktari bila ya kumwomba mtu yeyote amwendeshe.

Mji huohuo, mwezi wa Desemba 2018, ulikuwa wa kwanza miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani kuifuta kanuni ya nyumba za jamaa moja pekee, ukaruhusu jamaa tatu katika kiwanja kimoja, na mwaka 2021 ukaondoa sharti la maegesho. Wapinzani waliushitaki mahakamani kwa jina la kuhifadhi mazingira, na kesi ikaendelea miaka kadhaa, hata bunge la jimbo likaingilia kati mwaka 2024. Nyumba mpya nyingi zaidi zilijengwa katika majumba makubwa kando ya njia za mabasi na treni kuliko katika viwanja vya kale, na kodi za nyumba mjini zikapanda kwa kiasi kidogo zaidi kuliko kwingineko jimboni.

Reli ni jambo gumu zaidi. Njia ile ya St. Paul ilipotakiwa kurefushwa kuelekea magharibi, hadi kiunga cha Eden Prairie, ujenzi ulioanza mwishoni mwa mwaka 2018 kwa makisio ya takriban dola bilioni 2 ulipita bilioni 2.7, kwani ilibidi kuchimba handaki katika ukanda mwembamba ulio karibu na nyumba za watu, na kuitafutia nafasi reli katika nchi ambayo kila hatua ya ardhi imekwisha kupewa motokaa, nyumba au uwanja wa majani.