Unahamia shambani: betri ya sola unaiachaje?

Kila msimu wa kwenda bondeni ukikaribia, maswali yanayoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Safari hii msikilizaji wetu wa Mchukwi anauliza jambo ambalo wengi wamelipata. Yeye hufunga nyumba, akashuka na familia kulima mpunga na kulala kwenye dungu mpaka mavuno. Paneli huishusha kwa kuogopa wezi, betri huiacha pembeni mwa chumba. Akirudi baada ya miezi minne, haiwashi hata taa moja, na fundi anamwambia imekufa, anunue nyingine. Anataka kujua kama betri za siku hizi ni feki.

Feki zipo, hatukatai. Lakini betri nyingi zinazotupwa huku kwetu Kibiti na Rufiji zimeuliwa na njaa. Zimeachwa bila chaji muda mrefu, basi.

Tuanze na kilichomo ndani. Betri ya kawaida ya gari au sola, iwe N70 au N200, ina sahani za madini ya risasi zilizozama kwenye asidi iliyochanganywa na maji. Ni uvumbuzi wa mwaka 1859 wa Mfaransa Gaston Planté, na hadi leo kanuni ni ile ile. Unapotumia umeme, sahani zinashika utando wa chumvi nyeupe. Unapochaji, ile chumvi inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri ikiwa haina moto kwa wiki kadhaa, chumvi inaganda na kuwa ngumu kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Hapo hata uchaji siku tatu, sehemu kubwa ya sahani haifanyi kazi tena.

Na betri hupoteza moto yenyewe, hata isipounganishwa na kitu. Iliyo nzima hupoteza karibu asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwenye joto la nyuzi 25. Joto likipanda nyuzi 10, upotevu huwa kama mara mbili. Huko Ulaya kuna watu wenye magari yenye vitanda na jiko ndani, ambao huyaegesha miezi yote ya baridi, na wanahangaika na tatizo hili hili. Ila baridi inawasaidia. Sisi tuna chumba chini ya bati, mchana linawaka.

Chukua asilimia 8 kwa mwezi, kwa miezi minne. Betri uliyoiacha imejaa itabaki na kama theluthi mbili, na inaweza kupona. Uliyoiacha nusu itakuwa imebaki na chini ya robo, na chumvi imeshaganda. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa ndugu yetu wa Mchukwi: siku ile ya kuondoka usishushe paneli asubuhi. Zima kila kitu siku mbili au tatu kabla, jua liijaze betri kabisa, ndipo ushushe.

Kujua kama imejaa, usitegemee taa ya kijani peke yake. Mita ndogo ya kupimia umeme inauzwa madukani kwa mafundi, na kikundi kinaweza kununua moja. Chomoa paneli na vifaa vyote, iache betri itulie usiku kucha, halafu pima. Ikisoma volti 12.7 imejaa. 12.4 ni robo tatu, na hapo ndipo pa kuichaji tena, usingoje zaidi. 12.2 ni nusu. Ikifika 11.9 kushuka chini, imeisha.

Jibu la pili: toa waya. Hapa ndipo watu wanapokosea sana, maana wanadhani kuzima swichi kunatosha. Kontrola ya sola yenyewe inakula umeme kidogo usiku na mchana, na inveta ikiachwa imewashwa inakula zaidi. Kwenye gari ni alamu, saa na redio. Kifaa kinachovuta sehemu 3 tu kati ya 100 za ampea moja kitakula zaidi ya ampea-saa 21 kwa mwezi. Kwa N70, miezi mitatu imekwisha.

Ila fuata mpangilio. Kwenye sola, toa kwanza waya za paneli kwenye kontrola, ndipo utoe betri. Kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli mwisho. Ukiondoa betri huku jua linapiga paneli, kontrola inaweza kuungua. Kwenye gari au trekta, legeza waya wa hasi kwanza.

Tatu, usiiache peke yake miezi minne. Wiki ya sita au ya nane ipelekwe kuchajiwa. Mwenye jirani anayebaki kijijini amwachie betri pamoja na paneli, atumie kidogo na kuijaza. Tunaona hilo ni bora kuliko kuifungia. Wenye gari wanaodhani kuliwasha dakika tano kila wiki kunatosha, hakutoshi. Kuwasha kunatumia moto, na dakika tano hazirudishi kitu cha maana. Liendeshwe nusu saa au zaidi.

Kabla ya kuihifadhi, zile zenye vifuniko zifunguliwe, utazame maji. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji safi maalumu ya betri, siyo ya kisima, na siyo asidi. Futa juu yake kwa kitambaa chenye maji ya magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa, kwa sababu uchafu wenye unyevu nao hupitisha umeme. Paka grisi kwenye vichwa.

Wengi wanasema sakafu inanyonya moto wa betri. Zamani, maboksi yalipokuwa ya mbao, palikuwa na ukweli; ya plastiki ya leo hayana shida hiyo. Bado tunashauri uiinue juu, kwa sababu nyingine: walioona maji ya Aprili 2024 yakiingia majumbani wanaelewa. Iwe kwenye kivuli chenye hewa, mbali na jiko na watoto. Inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Betri za lithiamu ni habari nyingine. Hizo hazitaki kujazwa kabisa wakati wa kuhifadhi. Ziache nusu au zaidi kidogo, uzime swichi yake.

Na kama umeshairudia imekufa? Mpe fundi aichaji polepole, kama ampea 7 kwa N70, siku nzima au zaidi. Ikivimba au ikiwa ya moto mkononi, asimamishe. Ikishindikana, wanunuzi wa chakavu wanaichukua kwa kilo. Ipeleke nzima bila kumwaga asidi, na usiipasue kuyeyusha risasi ya chubwi za nyavu nyumbani. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio wa kwanza kuumia.