Darubini au Mega? Kufuatilia Blaza Ukiwa Nyangwe

Blaza ni galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake linarusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu. Kama wewe ni mwalimu au mwanafunzi wa Nyangwe au Kasongo, unataka kuifuatilia na fedha ni kidogo, usianze na darubini. Nunua mega za mtandao.

Darubini ya kioo cha sentimita 15 huuzwa Ulaya kwa dola 300 hadi 400. Hapo hujalipa usafirishaji, ushuru, wala pikipiki ya kuitoa Bukavu au Kindu. Kioo kikihama njiani, utakinyoosha mwenyewe. Unyevu wa mto Lualaba nao huotesha ukungu kwenye vioo, kwa hiyo ongeza sanduku la kufunga vizuri. Faida ipo: giza la Nyangwe ni zuri, na Juni, kiangazi kinapoanza, blaza ya 3C 273 huwa karibu na utosi mnamo saa mbili usiku. Utaiona kama nukta hafifu ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 2 hivi. Lakini miale ya gama itokayo kwenye mkondo wa blaza hutaipata, maana hewa huizuia.

Darubini ndogo ya sentimita 6 au 7 iache dukani, hata boksi likiahidi kukuza mara 500. Hata nukta hiyo haitakuonyesha.

Miale ya gama imeshapimwa kwa gharama ya wengine. Satelaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, hupitia anga lote kila baada ya saa 3 hivi. Michoro ya mng'ao wa vyanzo 1,525 iko tayari mtandaoni, bure, kwa vipimo vya siku 3, wiki au mwezi. Simu ya kawaida yatosha.

Data ghafi nazo ni bure, lakini hizo ndizo zinazokula fedha. Faili la mwenendo wa satelaiti peke yake huzidi gigabaiti 1. Mtandao ukikatika katikati, mega zimekwenda. Halafu utahitaji kompyuta na umeme wa saa nyingi. Ziache mpaka uwe na chuo nyuma yako.

Swift, iliyorushwa 2004, hupima eksirei na kushusha data zake Malindi, Kenya. Data zake pia ni za bure. Kasoro ni kwamba huelekezwa inakoombwa, hivyo mfululizo una mapengo. Darubini za H.E.S.S. za Namibia hunasa nishati kubwa zaidi, lakini hungoja usiku wenye giza, na sehemu kubwa ya data zake haijafunguliwa kwa umma.

Mchoro wa bure wa Fermi una mitego yake. Alama ya mshale ni kikomo cha juu tu, usiihesabu kama kipimo. Machi 2018 mota ya paneli moja ya sola ya Fermi ilikwama, na tangu hapo anga halipitiwi kwa usawa. Jua nalo hupita mbele ya blaza ya 3C 279 kila Oktoba, na lenyewe hutoa gama. Vipimo vya siku hizo viweke kando.

Chukua blaza mbili, 3C 279 na Mrk 421, kipimo cha wiki. Changeni mega wanafunzi wanne au watano, pakueni mara moja kwa mwezi, na namba ziandikeni daftarini simu ikiwa bado na chaji.