Unapoteremka kutoka Nyanda za Juu: Vitu Muhimu vya Kufungasha kwa Safari ya Kwanza ya Ukanda wa Joto

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Ifikapo mwezi Julai, baridi huwa imeshika sawasawa katika Manispaa ya Iringa. Katika Kata ya Mlandege, asubuhi huanza kwa makoti, sweta na vikombe vya chai ya moto. Wakati huohuo wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano hufungasha matranka yao kwa safari. Baadhi yao hupangiwa shule za mikoa ya Pwani, Tanga, Lindi, Mtwara au Morogoro, ambako hawajapata kufika.

Ni kawaida ya binadamu kufungasha kwa kuangalia hali ya hewa ya mlangoni kwake. Ndiyo maana tranka la mwanafunzi wa Mlandege huweza kubeba mablanketi mawili na jaketi zito, huku chandarua kikikosekana, kwa sababu nyumbani hakikuwa kitu cha lazima kila usiku. Makala haya yanaeleza vitu ambavyo mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kuvipa nafasi ya kwanza katika begi lake anapokwenda ukanda wa joto kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi, mtumishi aliyehamishwa, kijana anayetafuta ajira au mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe.

Ukanda wa joto hauko mbali

Tanzania yote imo katika ukanda wa tropiki, lakini joto la mahali hutegemea sana mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa huo na Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700, ilhali Dar es Salaam iko kando ya bahari yenyewe. Abiria anayeelekea Dar es Salaam huanza kuyaona mabadiliko hayo kabla hajatoka mkoani Iringa. Basi likishamaliza kona za mlima Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, penye wauzaji wa vitunguu, abiria waliopanda na makoti huanza kuyavua.

Si lazima mtu aende hadi pwani. Mkazi wa Mlandege anayekwenda tarafa za Pawaga na Idodi kwa kilimo cha mpunga anateremka bondeni bila kuvuka mpaka wa Wilaya ya Iringa. Anayetoka Tukuyu kwenda Kyela, au anayekwenda Bonde la Kilombero kwa vibarua vya mavuno, naye anaingia katika mazingira ya namna hiyo. Safari ya saa chache inatosha kumhamisha mtu kutoka mahali penye mbu wachache hadi mahali ambapo malaria ni jambo la kila siku.

Chandarua kitangulie

Mikoa ya Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kidogo cha maambukizi ya malaria nchini. Sababu mojawapo ni baridi. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili kukomaa ndani ya mwili wa mbu, na hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi joto 16 hivi, vimelea hatari zaidi hushindwa kukamilisha ukuaji huo kabla mbu hajafa.

Neema hiyo ina upande wake wa pili. Mtu aliyekulia kwenye malaria nyingi hujijengea kinga kiasi kutokana na maambukizi ya mara kwa mara, hata akiugua akiwa mtu mzima mara nyingi hazidiwi haraka. Aliyekulia kwenye baridi hana kinga hiyo. Kijana mwenye afya njema na nguvu za kulima ekari nzima anaweza kulazwa hoi kwa malaria yake ya kwanza, wakati mwenyeji wake aliyeumwa na mbu walewale anaendelea na shughuli zake. Aliyeishi bondeni utotoni na kukaa miaka mingi nyanda za juu asijitegemee pia, kwa kuwa kinga hiyo hupungua mtu anapokaa muda mrefu bila maambukizi.

Kitaifa, juhudi za Serikali na wadau zimeshusha kiwango cha maambukizi kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Hata hivyo wastani huo wa nchi haumwelezi msafiri hali ya kijiji anachokwenda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia begini kiwe chandarua chenye dawa. Kwa mwanafunzi anayelala kitanda cha ghorofa, cha pembe nne hufaa zaidi kuliko cha duara, na ni vyema kufungasha pamoja nacho kamba na misumari michache. Chandarua kipya kianikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kutumika, na kikifuliwa kisianikwe juani, kwani jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Ncha zake zichomekwe chini ya godoro kabla ya kulala.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini mbu wa homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana. Kwa sababu hiyo fungasha pia dawa ya kupaka ya kufukuzia mbu, pamoja na nguo nyepesi za mikono mirefu.

Nguo, maji na jua

Joto la pwani lina unyevunyevu mwingi. Jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Nguo za pamba zilizolegea ndizo zinazofaa, kwa kuwa za nailoni huhifadhi joto na kuleta vipele na fangasi. Chukua nguo za ndani na soksi za kutosha kubadilisha kila siku, kandambili za kuogea, taulo jepesi, na shuka mbili badala ya mablanketi. Sweta moja linatosha kwa safari yenyewe, hasa kwa anayerudi usiku, kwa kuwa baridi humpokea tena mara tu basi linapomaliza kupanda Kitonga.

Msimu nao uangaliwe. Nyanda za Juu Kusini hupata mvua kwa mfululizo mmoja, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Pwani ya kaskazini, ikiwemo Dar es Salaam, ina vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Anayesafiri mwezi Mei akidhani mvua zimekwisha, kama zilivyokwisha kwao, atahitaji mwavuli. Joto kali zaidi ni la Desemba hadi Machi.

Chupa ya maji inayojazwa upya ni mali. Mtu aliyezoea baridi hunywa maji kwa kiu, lakini kwenye joto kiu huchelewa kutoa taarifa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, mwili tayari unadai. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Pakiti mbili tatu za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini hazichukui nafasi na huokoa maisha ya anayeharisha. Kofia pana inamfaa kila mtu, na kwa mtu mwenye ualbino kofia hiyo, nguo ndefu na mafuta maalumu ya kuzuia mionzi ya jua ni vitu vya lazima.

Dawa na nyaraka

Anayetumia dawa za kudumu, kama za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au kufubaza Virusi vya UKIMWI, achukue za kutosha muda wote wa safari na siku kadhaa za ziada, pamoja na kadi yake ya kliniki. Dawa hizo zikae katika mkoba wa mkononi. Buti la basi huwa na joto kali mchana, na insulini huharibika kwa joto; tena begi la kwenye buti linaweza kupotea.

Mjamzito afike kliniki kabla ya kusafiri ili apate ushauri, dawa za kumkinga na malaria kwa wakati wake na chandarua. Si vyema kununua dawa ya mseto na kuimeza kila unapohisi uchovu. Mwongozo wa matibabu nchini unataka mgonjwa apimwe kwanza, na kipimo cha haraka hutoa majibu kwa dakika chache.

Kwa upande wa nyaraka, beba kitambulisho, kadi ya bima ya afya na, kwa mwanafunzi, fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Anayeendelea hadi Zanzibar ajue kwamba tiketi ya boti hukatwa kwa kitambulisho. Andika pia namba za simu za ndugu kwenye karatasi, kwa kuwa simu huweza kuzima chaji au kuibwa, na mgeni anayeshuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, asiwe na namba hata moja kichwani, hubaki katika mikono ya yeyote anayemkaribia.

Visivyofaa kubebwa

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni, 2019, hivyo tumia kikapu, begi au mfuko mbadala. Wapenda kubeba zawadi za nyumbani wakumbuke kwamba ulanzi huendelea kuchacha ndani ya chupa, na joto huharakisha jambo hilo. Chupa iliyofungwa kwa nguvu huweza kupasuka kabla ya kufika Mikumi. Chakula kilichopikwa asubuhi Iringa kikalala bila kuharibika huweza kuchacha mchana huohuo kikiteremka bondeni.

Wanaovuka mipaka

Wanaokwenda nchi jirani wanahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Nchi kama Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hudai pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo itolewe angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu Julai 2016 kadi yake inatambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Anayengoja hadi siku ya mwisho anaweza kuwa na nauli mkononi na bado akazuiwa mpakani.

Unaporudi nyumbani

Jambo la mwisho halifungashwi begini, lakini lina uzito kuliko yote. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 15. Hii ina maana kwamba mtu anaweza kuambukizwa Kyela au Dar es Salaam, akarudi Mlandege akiwa mzima, kisha akaanza kutetemeka wiki mbili baadaye. Nyumbani watasema ni baridi ya Iringa imempokea. Atafunikwa blanketi, atapewa vidonge vya kutuliza maumivu, homa itashuka kidogo, na siku mbili za thamani zitapotea huku vimelea vikiongezeka.

Kwa hiyo, yeyote atakayepata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurejea kutoka ukanda wa joto afike kituo cha afya siku hiyohiyo na amweleze mhudumu: alikwenda wapi, alikaa siku ngapi na alirudi lini. Mhudumu wa eneo lenye malaria chache anaihitaji taarifa hiyo ili asiielekeze fikra yake kwenye mafua peke yake. Mzazi naye asisubiri kuulizwa mtoto anaporejea likizo kutoka shule ya bweni akiwa na homa. Ushauri wa afya hupatikana bila malipo kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya.

Blanketi la pili linaweza kubaki nyumbani. Litakuwepo msafiri atakaporudi. Nafasi yake katika tranka ipewe chandarua.