Je, Wajua? Jasho Lisilokauka Halipozi Mwili

Je, wajua kwamba Kililana, bara ya Lamu inayotazama Ghuba ya Manda, iko digrii 2 na ushei tu kusini mwa Ikweta? Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua husimama utosini, mtu akakanyaga kivuli chake.

Je, wajua kwa nini jua hilohilo hutesa zaidi Machi? Septemba kusi bado inavuma na kupoza. Machi kaskazi inalegea, upepo unakatika, fukuto linabaki.

Je, wajua kwamba takriban robo tatu ya nguvu zinazotumiwa na misuli hugeuka joto? Anayekimbia hubeba tanuri ndani yake, hata kivulini.

Je, wajua kwamba jasho linalodondoka chini halipozi mwili? Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Lita 1 ikikauka yote, huondoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya mtungi. Lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, na jasho hutiririka bila kukauka. Fulana iliyolowa chepechepe si ushahidi wa zoezi zuri. Ni maji yaliyopotea bure.

Je, wajua kwamba kukimbia umevaa jaketi la nailoni hakuyeyushi mafuta? Uzani unaopungua ni wa maji, na ukinywa unarudi.

Je, wajua kwamba Francisco Lázaro wa Ureno alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Stockholm, 1912, akafa siku iliyofuata? Yasemekana alijipaka mafuta mazito kujikinga na jua, jasho likakosa njia.

Je, wajua kwamba hata usiku si salama kila mara? Marathoni ya wanawake ya Doha, Septemba 2019, ilianza karibu saa sita za usiku ili kukwepa jua. Kati ya wakimbiaji 68, waliomaliza ni 40. Mkenya Ruth Chepng'etich alishinda kwa saa 2:32:43, mwendo wa pole mno kwake. Bingwa aliiheshimu hari, akaishinda.

Je, wajua kwamba Oman huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti? Ikiwa mfanyakazi huondolewa juani kwa sheria, mwenye hiari anaharakia nini?

Je, wajua kwamba saruji na lami hula jua mchana kutwa na kulitapika jioni? Tangu ujenzi wa bandari ya Lamu uzinduliwe hapa Machi 2012, Kililana imepata nyingi. Jioni, chagua njia ya mchanga yenye miti.

Je, wajua kwamba mwili huhitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea joto? Mgeni kutoka kwenye baridi ya Limuru aanze kwa dakika chache tu, aongeze kidogokidogo.

Je, wajua kwamba dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo? Aliyetoka jasho jingi alifuatishie chakula chenye chumvi. Kubugia maji matupu kupita kiasi nako hudhuru, kwa kuwa huzimua chumvi ya damu.

Je, wajua kwamba anayefunga Ramadhani ya kaskazi hufanya vyema kusogeza mazoezi hadi baada ya kufuturu? Hapo maji yanayotoka yanaweza kurudishwa kwa kunywa.

Je, wajua dalili ya hatari kuu? Mchezaji akianza kuropoka, kuyumba au kuzirai, huenda joto la mwili limepita digrii 40. Mwondoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Itisheni gari huku mkiendelea kumpoza: kupoza kwanza, safari baadaye.

Ndugu msomaji, kimbia alfajiri au jua likizama, na umwonapo mwenzako anapepesuka, usimwambie akaze. Mwambie aketi.